Kamado kubwa peke yake, au kubwa na dogo? Ulinganisho kwa anayefikiria jiko la pili

Mwenye kamado la inchi 18 akianza kuulizia dogo, kwa kawaida anatoa moja ya sababu mbili: wageni wamezidi nafasi ya wavu, au anaona mkaa mwingi unateketea kwa ajili ya vipaja vinne vya kuku. Zote mbili ni sababu dhaifu, na tutaonyesha kwa nini. Sababu yenye uzito ni joto. Jiko la kauri likishapanda hadi nyuzi 300 halishuki kirahisi, na kuna siku mapishi yanataka moto mpole na moto mkali kwa wakati mmoja. Jiko la pili, hata likiwa dogo, linakupa huo moto wa pili.

Kwa asiyelijua: kamado ni jiko la mkaa lenye umbo la yai, kuta nene za kauri, mfuniko wenye bawaba, tundu la hewa chini na jingine juu. Asili yake ni Japani. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa huko baada ya Vita Kuu ya Pili walirudi nalo kwao, na mwaka 1974 Ed Fisher akafungua duka mjini Atlanta lililokuja kuwa Big Green Egg. Kamado Joe, nayo ya jimbo la Georgia, ilianza 2009. Majiko haya hutajwa kwa kipenyo cha wavu, ndiyo maana utasikia "la inchi 18" au "la inchi 13". Vipimo vifuatavyo ni vya Big Green Egg. Vya makampuni mengine haviko mbali.

| | Kubwa (inchi 18) | Dogo (inchi 13) | Dogo kabisa (inchi 10) |
|---|---|---|---|
| Kipenyo cha wavu | sm 46 | sm 33 | sm 25 |
| Eneo la wavu | sm² 1,690 hivi | sm² 855 hivi | sm² 510 hivi |
| Uzito | kilo 73 | kilo 35 | kilo 18 |

Angalia mstari wa pili. Kutoka inchi 18 hadi 13 inaonekana umepunguza kidogo tu, kumbe eneo limebaki nusu. Kwa hiyo aliyeishiwa nafasi akinunua la inchi 13 ameongeza nusu ya alichokuwa nacho. Nafasi kama hiyo au zaidi anaweza kuipata kwa kununua wavu wa ghorofa, yaani wa pili unaokaa juu ya wa kwanza, ambao bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya jiko. Kama shida yako ni watu ishirini kila Jumapili, nunua wavu wa ghorofa, au uza la inchi 18 uchukue la inchi 24. Dogo halitakuokoa.

Joto lisiloshuka

Tuseme kamado kubwa limekaa kwenye nyuzi 120 (zote hapa ni za Selsiasi) tangu alfajiri, na sasa unataka kuunguza uso wa nyama kwa nyuzi 300. Kupanda si kazi: fungua matundu yote mawili, baada ya robo saa hivi utakuwa umefika, mradi mkaa haujaisha. Kazi iko kwenye bamba la kauri la kukinga moto, lile linalokaa kati ya makaa na wavu ili nyama iive kwa hewa ya moto bila kuguswa na mwali. Likiwa ndani, hutaunguza chochote. Itabidi ulitoe, na lina uzito wa kilo kadhaa, lina joto kuliko hewa ya ndani ya jiko, juu limelowa mafuta yaliyodondoka, na wewe umeinama juu ya makaa yaliyo wazi. Ukishalishika swali linafuata: unaliweka wapi? Si kwenye meza ya mbao, si kwenye majani, na si kwenye sakafu iliyolowa, maana kauri ya moto ikigusa maji hupasuka hapo hapo. Andaa matofali mawili makavu kabla hujafungua mfuniko. Wengi hukumbuka hilo wakati bamba liko tayari mkononi.

Kushuka ndiko kugumu zaidi. Kutoka 300 hadi 120, hata ukiziba matundu, kuta zinaendelea kurudisha joto zililolihifadhi. Hesabu saa nzima, na mara nyingi zaidi. Ukiziba kabisa ili kuharakisha, makaa yanazima nusu nusu, na ukiyapa hewa tena yanatoa moshi mweupe mzito unaoacha uchungu kwenye nyama. Ndiyo maana mwenye jiko moja hufuata ratiba moja tu: moto mpole kwanza, moto mkali mwisho. Kwa steki ratiba hiyo inatosha. Inakwama pale unapotaka mikate kwa nyuzi 300 halafu kuku kwa 170, au pale kidari cha ng'ombe kiko jikoni tangu usiku na kuna watu wanataka mishikaki saa saba mchana. Ukifungua mfuniko mara kumi kugeuza mishikaki, kila mara makaa yanavuta hewa na kuwaka, na kile kidari ulichokitunza kwa nyuzi 115 kinajikuta kwenye 150.

Kama siku za namna hiyo hazikutokei angalau mara moja au mbili kwa mwezi, huna haja ya jiko la pili. Tunasema mapema kabla hujaangalia bei.

Mkaa: akiba ni ndogo kuliko inavyodhaniwa

Dogo hula mkaa mchache, hilo halina ubishi. Lakini piga hesabu. Kauri huhitaji takriban kilojuli 0.9 kupandisha kilo moja kwa nyuzi moja. Jiko la kilo 70 likipanda kwa wastani wa nyuzi 150 limemeza megajuli 9 na nusu hivi, na kilo moja ya mkaa mzuri ina kama megajuli 29. Maana yake theluthi ya kilo ya mkaa inaishia ukutani. Kwa jiko la kilo 35 ni nusu yake. Tofauti ni gramu 160 hivi kwa pishi moja, na hata ukiizidisha mara mbili kwa sababu ya joto linalotoka kwa tundu la juu, bado hujafika nusu kilo. Chukua bei ya mkaa ya unakoishi, uone ni mapishi mangapi yatarudisha fedha ya jiko jipya. Ni mengi mno.

Tena kamado kubwa halipotezi mkaa uliobaki. Ukimaliza kupika unaziba juu na chini, moto unakosa hewa na kufa, na kesho yake unatikisa jivu, unaongeza konzi mbili tatu za mkaa mpya, unawasha. Anayeona kubwa lake linakula mkaa bila kiasi aanze kwa kukagua gasketi, ule utepe unaoziba mwanya kati ya mfuniko na mwili. Funga mfuniko juu ya kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka bila kukwama, hewa inapita hapo na moto hauzimi usiku.

Akiba ya kweli ya dogo ni muda. Kubwa linataka nusu saa hadi dakika arubaini tangu kuwashwa mpaka moshi usafike na kuta zitulie kwenye joto unalotaka. Dogo, kwa mkaa mkavu, linakuwa tayari ndani ya robo saa hadi dakika ishirini. Kwa chakula cha jioni cha watu wawili au watatu siku ya kazi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utawasha mkaa au utageukia gesi.

Dogo lipi?

La inchi 10 tuliondoe mapema. Wavu wake unabeba steki moja kubwa au vipaja vinne, bakuli lake la moto, linaloshika mkaa, ni dogo kiasi kwamba vipande viwili vya mkaa vikikaa vibaya joto linapotea, na kupika polepole kwa saa nyingi humo ni kulilea jiko kama mtoto mchanga. Linamfaa anayeishi peke yake au anayetaka la kubeba kwenye gari. Kilo 18 mtu mmoja anazibeba.

Kwenye inchi 13 ndipo uamuzi ulipo, na Big Green Egg ina mawili yenye wavu wa ukubwa ule ule: Small na MiniMax. Small ni refu, wavu wake uko chini ndani ya shimo. MiniMax ni fupi na nene, wavu uko juu karibu na ukingo. Kwenye karatasi yanalingana, kwenye kazi hapana. MiniMax ni rahisi kugeuza nyama, kwa sababu mkono hauingii shimoni, na halipinduki kirahisi likiwekwa mezani. Small, kwa urefu wake, lina nafasi zaidi kati ya moto na chakula, hivyo linaoka na kupika kwa bamba vizuri zaidi, hasa ukiinua wavu kwa kitegemeo. Kwa mtu ambaye tayari ana kubwa la kuoka, tungechukua umbo fupi. Small lingekuwa na maana kama ndilo jiko lake pekee.

Kamado Joe Jr. lina wavu wa inchi 13.5 na uzito wa kilo thelathini na kitu. Liko karibu zaidi na MiniMax kwa tabia. Kabla ya kulinganisha bei uliza kila muuzaji swali moja: bamba la kukinga moto na kitako viko ndani ya boksi, au vinauzwa kando? Tofauti ya bei inaweza kuyeyuka hapo hapo, au kuongezeka.

Yapo pia ya chuma yenye kuta mbili, kama Akorn Jr. ya Char-Griller. Ni mepesi, hayavunjiki yakianguka, na bei ni nafuu. Udhaifu wake ni hewa inayopenya kwenye maungio, kwa hiyo kuzima makaa haraka ni shida, na kutu huanzia chini kwenye chombo cha jivu. Likiwa la pili, kwa kazi ya moto mkali wa dakika ishirini, udhaifu huo hauumi sana. Anayebana matumizi aliangalie bila aibu.

Makosa yanayotokea kwa dogo na si kwa kubwa

Aliyezoea kubwa huharibu chakula mara chache za kwanza kwenye dogo, kwa sababu anaendesha kwa mazoea.

Matundu kwanza. Kwa nyuzi 115 hadi 120, kubwa hukaa na tundu la chini wazi kama sentimita moja. Dogo linataka milimita 3 hadi 5, na la juu ufa mwembamba tu. Ukisogeza kilango kwa unene wa ukucha, joto linahama nyuzi 20. Anza kuziba nyuzi 20 kabla ya kufika unakokwenda, kisha subiri dakika kumi bila kugusa. Anayesogeza kila dakika mbili anaishia kulifukuza joto juu na chini mpaka nyama iishe unyevu.

Ukubwa wa mkaa. Donge la ukubwa wa ngumi ndani ya bakuli dogo huacha pengo, na moto unaochimba kuelekea chini ukifika kwenye pengo unakufa. Vunja mkaa uwe wa sentimita 3 hadi 6. Chenga na vumbi, ambavyo ni vingi kwenye magunia yetu ya Afrika Mashariki, visiingie kabisa: vinaziba matundu ya sahani ya chuma iliyo chini ya makaa. Dalili yake ni joto linalopanda hadi 180 au 200 na kugoma hapo ingawa umefungua kila kitu. Dawa ni fito ya chuma iliyokunjwa ncha, ipitishe kwa tundu la chini, uchokonoe matundu kutoka chini. Toa pia mapema vipande vya kahawia visivyoiva kuwa mkaa. Ndivyo vinavyotoa ule moshi unaowasha macho.

Kipimajoto cha mfuniko. Hiki ndicho kinachowapoteza watu wengi. Shina lake linaingia ndani sentimita kadhaa, na kwenye jiko fupi kifua cha kuku mzima hufika hapo. Ukifunga mfuniko, ncha inachoma nyama, na sasa mshale unaonyesha joto la kuku, si la jiko. Unaona 70, unafungua hewa, unaona bado 75, unafungua zaidi, na wakati huo ndani kumeshapita 280. Ngozi inakuwa nyeusi, paja bado lina damu kwenye mfupa. Mpasue kuku mgongoni umlaze bapa. Wa kilo moja na nusu anakaa kwenye wavu wa sentimita 33 bila kugusa juu. Au tumia kipimajoto cha waya kilichobanwa kwenye wavu.

Kingo za wavu. Kati ya bamba na ukuta wa dogo kuna uwazi mwembamba, na joto lote linapanda kwa hapo. Chakula kikichomoza nje ya kivuli cha bamba kinaungua ukingoni kabla katikati hapajaiva. Kipande cha kidari kwa dogo kisizidi kilo mbili, na kikae katikati. Vijiti vya mishikaki vya sentimita 30 navyo vinagusa kuta, ncha zinawaka moto hata kama uliviloweka. Kata viwe 25 au tumia vya chuma. Samaki hivyo hivyo: changu wa nusu kilo anaingia, kolekole wa kilo moja atakunja mkia.

Mfuniko wazi. Kwenye jiko la kawaida tunachoma wazi, tukipepea. Kamado dogo likiachwa wazi dakika kumi, mkaa wote uliomo unashika moto, na hapo matundu hayakusikii tena. Geuza, funga. Na unapofungua jiko lililokuwa limebanwa hewa, inua mfuniko sentimita tatu, ushikilie sekunde tano, rudia, ndipo ufungue. Hewa ikiingia kwa ghafla mwali unaruka, na dogo likiwa juu ya kitako kifupi, uso wako uko juu yake moja kwa moja.

Muda. Bakuli lililojaa kwenye nyuzi 120 litakupeleka saa sita hadi nane, kwa mkaa mzito. Kubwa linavuka saa kumi na mbili bila wasiwasi. Kuongeza mkaa katikati ya pishi kwenye dogo ni kutoa wavu, bamba na nyama, vyote vikiwa moto. Kwa hiyo kazi ya usiku kucha ni ya kubwa, na hilo halina mjadala.

Yakifanya kazi pamoja

Mfano wa steki nene, sentimita 4. Kubwa liko nyuzi 120 na bamba ndani. Nyama inakaa humo kama dakika 40 hadi 50 mpaka katikati ifike nyuzi 50. Ikifika 40, washa dogo: mkaa hadi ukingo wa bakuli, uwashe sehemu tatu, matundu wazi kabisa, bila bamba. Nyama inatoka, inapumzika dakika kumi, dogo limefika 320 au zaidi. Kila upande sekunde 60 hadi 90, itolewe katikati ikiwa 55. Nyumba ambazo nyama yenye wekundu hailiki, na kwetu ndizo nyingi, iache kwenye kubwa mpaka 65, kisha punguza dogo liwe sekunde 40 kila upande. Lengo ni ukoko tu, ndani kumeshaiva.

Paja la mbuzi la kilo mbili linafaidi mpango huu kuliko hata steki. Mbuzi mkomavu ni mgumu, anataka muda. Kubwa nyuzi 150, saa mbili na nusu hadi tatu na nusu, katikati ifike 88 hadi 90 na mfupa uanze kutikisika. Ukijaribu kumalizia ukoko humo humo unarudi kwenye lile balaa la kutoa bamba. Ukiwa na dogo, kata paja vipande vinene ukiacha ngozi ya mafuta juu, vipitishe moto mkali dakika moja moja, kachumbari ikiwa tayari mezani. Mafuta ya mbuzi huwaka, hivyo weka vipande vitatu vitatu, si vyote.

Siku nyingine dogo linakuwa la vitu vya pembeni: mahindi, pilipili hoho, bilinganya ya kuponda, mkate wa sufuria ya chuma. Vitu vinavyotaka nyuzi 200 na zaidi wakati nyama inaendelea taratibu kule.

Na jiko la mkaa tulilozoea?

Swali la haki kwa msomaji wa Nairobi, Mombasa au Dar. Jiko la Kenya lenye kiuno chembamba, chuma nje na kauri ndani, lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuboresha jiko la ndoo la Thailand, na Max Kinyanjui akiwa mmoja wa waliolisukuma. Tanzania tunalo la ukoo huo huo, tunaliita jiko bora. Nalo ni jiko la kauri, na bei yake hailinganishwi na kamado la aina yoyote.

Linashinda kamado dogo kwa kila kinachopikwa ndani ya sufuria: ugali, maharage, pilau. Sufuria inakaa juu ya makaa kabisa, joto linaingia chini yake bila kuzunguka. Ukitandika wavu juu, mishikaki na mahindi vinachomeka vizuri tu. Kinachokosekana ni mfuniko na udhibiti wa hewa ya juu. Huwezi kuoka, huwezi kumpika kuku mzima bila kuungua nje, na mafuta yakidondoka mwali unapanda bila breki, unabaki kunyunyiza maji. Hayo maji yakifika kwenye kauri ya moto yanaipasua, na kauri ikipasuka vibaya kinachofuata ni kumpelekea fundi aweke nyingine.

Kwa hiyo: mwenye kamado kubwa tayari, anayetaka moto wa pili kwa ajili ya mishikaki na kuunguza steki dakika mbili, jiko bora lenye wavu mzito wa chuma linamtosha. Jaza mkaa hadi juu, subiri ufunikwe na jivu jeupe kidogo, wavu sentimita 5 juu ya makaa. Utapata moto mkali wa kutosha. Kamado dogo linaanza kuhalalisha bei yake pale ambapo huo moto wa pili nao unahitaji kufunikwa: kuku, samaki, mkate, pizza ya sentimita 28.

Mahali, vipuri, na lililotumika

Kilo 35 si mzigo wa mtu mmoja, hata kama linaitwa la kubebeka. Kabla ya kulihamisha toa wavu, bamba, bakuli na pete ya ndani, vibebe kando, weka kitambaa kati ya mfuniko na mwili. Usilibebe kwa bawaba. Mezani liwekwe juu ya kitako chake chenye miguu na chini yake vigae au tofali bapa. Mbao iliyo chini ya jiko hukaushwa siku hadi siku na ipo siku itashika. Ndani ya nyumba, gereji au roshani iliyofungwa, kamwe: makaa yanayozima kwa kukosa hewa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kubwa na dogo sawa. Waliopanga ghorofani Marekani wasome mkataba kwanza. Kanuni ya moto inayofuatwa na miji mingi huko inakataza jiko la mkaa kwenye roshani ya mbao au ndani ya futi 10, yaani mita 3, za ukuta unaoweza kuungua, ingawa nyumba za familia moja na majengo yenye vinyunyizio vya maji huruhusiwa.

Usiwashe kwa mafuta ya taa. Kauri inanyonya harufu, na kuku wa wiki mbili zijazo atakuambia. Pamba iliyolowa mafuta ya kula inawaka dakika za kutosha. Wala usioshe ndani kwa sabuni. Choma mkaa nyuzi 300 kwa nusu saa, kisha kwangua wavu.

Kwa aliye mbali na wakala, vipuri ni suala. Sahani ya chuma ya chini ikiungua, fundi wa jua kali anaichonga kutoka bamba la milimita 6, matundu ya milimita 12, ikiwa pungufu ya milimita 5 kuliko nafasi yake ili ipanuke. Gasketi unaweza kubadilisha na utepe wa kuhimili moto wa majiko ya kuni. Bakuli la moto huna njia ya kulibahatisha. Likiwa na ufa lakini vipande vimeshikana, endelea kulitumia. Ufa wa bakuli ni jambo la kawaida na hauharibu chakula.

Ufa wa mfuniko au wa mwili wa nje ni habari nyingine. Ukinunua lililotumika, gonga kwa kifundo cha kidole kuzunguka: lililo zima linalia kama chungu, lenye ufa linalia kama debe. Ingiza kidole chini ya mikanda ya chuma ya bawaba, kisipite. Fungua mfuniko taratibu ukiushikilia kwa mkono wa pili, maana mikanda ikilegea mfuniko huchomoka na kuanguka. Kaza nati kwa spana jiko likiwa baridi, kisha tena baada ya mapishi matatu manne ya moto mkali.